Nani Atakuapia Madhabahuni?

Mwaka 2022, wataalamu wa maandishi ya Kigiriki cha kale walilichunguza upya bamba la marumaru lililohifadhiwa Edinburgh, katika makumbusho ya taifa ya Scotland, tangu karne ya 19. Kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa nakala ya jiwe jingine lililoko Oxford. Walipolisoma vizuri walikuta ni jiwe la peke yake. Lina majina 31 ya vijana wa Athens waliomaliza pamoja mafunzo yao ya kuingia utu uzima, zama za mtawala wa Kirumi Claudius, kati ya mwaka 41 na 54 baada ya Kristo. Baadhi ya majina yamekatwa, kama vijana wanavyokatiana majina wakishazoeana. Vyombo vya habari vikalifananisha na kitabu cha kumbukumbu ya mahafali kilichochongwa kwenye jiwe, na kila habari hiyo inaporudi mitandaoni inarudi na ufananisho huo.

Upande wa pili upo usomaji mwingine, wa wale wanaowahutubia wavulana kwa video fupi na kuwaambia kwamba Wagiriki wa kale walijua kumtengeneza mwanamume: viboko, njaa, usiku wa baridi porini, kama ilivyokuwa Sparta, mji wa kivita wa Wagiriki. Sisi wa Kiswahili tuna neno letu tayari, jando, kwa hiyo tunalichukua tunalivika juu ya habari hizo na tunaona tumeelewa. Kwa maoni yangu usomaji huu wa pili na ule wa kwanza unapotea njia mahali pamoja. Wote wawili unamkodolea macho kijana: amesoma nini, amevumilia nini. Watu wa Athens, ambao tunawajua kuliko Wagiriki wengine kwa sababu waliacha maandishi mengi, waliwakodolea macho wakubwa wake. Sherehe zao za ukoo zilizunguka swali moja: nani yuko tayari kushika madhabahu mbele ya watu wanaomjua na kuapa kwamba mtoto huyu ni wa kwetu? Asiyeliona swali hilo atazijua sherehe hizo kwa majina tu.

Sherehe kuu ya aina hiyo iliitwa Apatouria. Iliangukia mwezi wa Pyanopsion, ambao kwa kalenda yetu ni Oktoba kuingia Novemba. Mwanahistoria Herodotus aliitumia kama alama ya kabila: Waionia, tawi moja la Wagiriki, alisema, ni wale wote waliotoka Athens na wanaoadhimisha Apatouria, isipokuwa watu wa Ephesus na Colophon, walioikosa kwa sababu ya kisa cha mauaji. Mji mzima haukukusanyika uwanja mmoja. Kila fratria ilikutana kivyake. Fratria ni undugu wa kuumeni, kundi la nyumba zinazojihesabu kuwa za baba mmoja wa zamani, iwe kweli au si kweli, lenye madhabahu yake, kuhani wake na daftari lake. Siku ya kwanza, Dorpia, ndugu walikula pamoja chakula cha jioni. Siku ya pili, Anarrhysis, walichinja kwa ajili ya miungu Zeus na Athena, wote wawili wakiitwa kwa jina la fratria. Siku ya tatu, Koureotis, ilikuwa ya watoto.

Mtoto aliyefikishwa pale alikuwa ameshapita mikono mingi. Siku chache baada ya kuzaliwa alikimbizwa kuzunguka meko ya nyumba yao, sherehe iliyoitwa Amphidromia. Mlangoni kulitundikwa taji la mzeituni akiwa wa kiume, sufu akiwa wa kike. Siku ya kumi alipewa jina kwa karamu. Msomaji wa pwani hapa atakumbuka akika, na kufanana kupo, ingawa kufanana si kutokana. Alipofika miaka kama mitatu, kwenye sherehe ya Choes mwezi wa Anthesterion, alivikwa taji la maua na kupewa kijagi kidogo cha udongo kilichochorwa watoto wakicheza. Vijagi hivyo vimepatikana vingi, na vingine vimefukuliwa makaburini mwa watoto. Kisha Apatouria: kafara ndogo iliyoitwa meion kwa mtoto mchanga, na kafara kubwa iliyoitwa koureion kwa kijana wa miaka kama 16, wakati wa kukatwa nywele zake ndefu. Akioa baadaye, aliwaandalia ndugu wa fratria karamu iliyoitwa gamelia ili wamtambue mke wake.

Ukiitazama ngazi hiyo utaona kwamba kila kipandio kinazalisha watu watakaoweza kusema baadaye, "Mimi nilikuwepo." Waliokula karamu ya siku ya kumi waliitwa mahakamani miaka 20 au 30 baadaye kuthibitisha baba alimpa mtoto jina gani. Waliokula gamelia waliulizwa kama bwana yule kweli alimwoa mama yule. Athens haikuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa. Nyama iliyogawiwa ndiyo iliyokuwa muhuri, na aliyeila alikuwa amekubali. Msemaji mmoja mahakamani alimkaba mpinzani wake kwa hoja hiyo hiyo: ulikuwepo, nyama ilikuwa ikiungua madhabahuni, ndugu walichukua kura zao juu ya madhabahu ya Zeus wakapiga, wewe hukuthubutu kumwondoa mnyama, ukachukua fungu lako ukaenda nalo. Sasa unadai kijana si wa ukoo?

Kumwondoa mnyama madhabahuni kulikuwa ni kupinga. Ndugu yeyote wa fratria aliyeamini kwamba mtoto si halali alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na akifanya, shughuli ilisimama. Yupo mzee, Euctemon, aliyejaribu kumwingiza mtoto wa mwanamke ambaye familia haikumtambua. Mwanawe mkubwa akakataa, fratria ikakataa, mnyama akaondolewa. Fikiria aibu ya mzee huyo akirudi nyumbani na mnyama wake.

Kisa kinachonikaa moyoni zaidi ni cha Callias, tajiri mkubwa wa Athens na kuhani, kama alivyokisimulia hasimu wake Andocides mahakamani mwaka 400 au 399 KK. Kwa kuwa msimulizi ni adui, tukipokee kwa tahadhari, lakini taratibu anazozitaja lazima ziwe za kweli, maana majaji walizijua. Callias alizaa na mwanamke aitwaye Chrysilla, akamfukuza akiwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa, jamaa wa mwanamke walimbeba hadi madhabahuni siku ya Apatouria, na mnyama wao, wakamwambia Callias aanze ibada. Akauliza: wa nani huyu? Wakajibu: wa Callias mwana wa Hipponicus. Ni mimi huyo, akasema. Basi ni mwanao, wakamjibu. Callias akashika madhabahu akaapa kwamba hana wala hajawahi kuwa na mtoto mwingine ila Hipponicus, aliyezaliwa na binti wa Glaucon, na kama anadanganya aangamie yeye na nyumba yake. Miaka ikapita, mapenzi yakarudi, akamchukua tena Chrysilla. Mtoto akiwa sasa mkubwa, akampeleka kwa jamaa zake wa ukoo wa makuhani, Kerykes. Mmoja wao akapinga. Lakini sheria yao iliruhusu baba kumwingiza mwanawe akiapa, basi Callias akashika madhabahu mara ya pili, akaapa kwamba mtoto ni wake halali.

Katika kisa kizima hicho mtoto hafanyi kitu. Hajibu swali, havumilii maumivu, haonyeshi ushujaa. Kwanza ni kichanga mikononi mwa wengine, kisha ni kijana aliyesimama pembeni baba yake akiapa. Anayejaribiwa ni Callias, na ndiye aliyeanguka, mara mbili, mbele ya watu.

Ushahidi wa pili hauna uadui ndani yake, kwa sababu ni sheria iliyochongwa. Huko Dekeleia, kaskazini ya Athens, lilipatikana jiwe la fratria lililoanza kuchongwa mwaka 396/5 KK. Vita vya Peloponnesos, kati ya Athens na Sparta, vilikuwa vimekwisha miaka minane tu kabla, na Waspartani walikuwa wameikalia Dekeleia yenyewe miaka mingi. Ni rahisi kuelewa kwa nini ndugu hao walitaka kuhakiki upya nani ni nani. Jiwe linaanza na haki za kuhani: kwa meion apewe paja, ubavu, sikio na oboli tatu (oboli sita ni drakma moja), kwa koureion paja, ubavu, sikio, mkate, mvinyo na drakma moja. Kisha linaagiza kwamba kila kijana apigiwe kura mwaka unaofuata ule aliotolewa koureion, siku ya Koureotis, kura zikichukuliwa madhabahuni. Mashahidi waape kwa Zeus kwamba anayeingizwa ni mwana halali wa baba huyu kwa mke wa ndoa. Akikataliwa, faini ya drakma 100 inamwangukia aliyemleta. Fundi wa siku hizo alilipwa kama drakma moja kwa siku, kwa hiyo faini hiyo ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Anayeadhibiwa, tena, ni mtu mzima aliyesema uongo.

Nyongeza ya baadaye kwenye jiwe hilo inaagiza kwamba majina ya watakaoingizwa, na ya baba na mama zao, yaandikwe kwenye ubao mweupe na kubandikwa mahali ambapo watu wa Dekeleia hupenda kukaa. Kwa bahati nzuri tunajua kutoka hotuba moja ya mahakamani kwamba watu wa Dekeleia walipokuwa mjini kijiwe chao kilikuwa kwa kinyozi, karibu na sanamu za Hermes. Atakayejiuliza siri za sherehe hii zilifichwa wapi, jibu ni kwamba zilibandikwa kijiweni.

Sasa nije kwa wanaoona vingine, na niwape haki yao. Nadharia ya jando haikutoka kwa watu wa video fupi. Ina wasomi wakubwa nyuma yake, na inatugusa sisi moja kwa moja, maana Mfaransa Henri Jeanmaire, mwaka 1939, alizikusanya taarifa za jando na vyama vya siri vya Afrika ili kuielezea Sparta. Miaka 30 baadaye mwenzake Pierre Vidal-Naquet aliigeukia Apatouria yenyewe kupitia hadithi ya asili yake. Hadithi inasema Waathens na Waboiotia waligombea ardhi ya mpakani, wakakubaliana wafalme wapigane mmoja kwa mmoja. Xanthos wa Waboiotia, ambaye jina lake lina maana ya mtu wa nywele za dhahabu, alikutana na Melanthos wa upande wa Athens, ambaye jina lake lina maana ya mweusi. Melanthos akamwambia, "Mbona umekuja na msaidizi nyuma yako?" Xanthos alipogeuka, akauawa. Wengine walisema nyuma yake alisimama mungu Dionysos amevaa ngozi nyeusi ya mbuzi. Wagiriki walitoa jina la sherehe kwenye neno apate, hila. Vidal-Naquet alisema hapa tunaona kijana aliyepelekwa pembezoni mwa nchi, gizani, akiwinda kwa hila, kinyume kabisa cha askari mtu mzima anayesimama kwenye mstari mchana kweupe na ngao yake. Akishapita hapo, anarudi mtu mzima.

Ni hoja yenye mvuto, na mimi mwenyewe niliiamini kwa muda mrefu. Wataalamu wa lugha wameidhoofisha kwa kuonyesha kwamba neno Apatouria linatokana na "wa baba mmoja," si na hila, lakini sitajificha nyuma ya hilo. Watu wanaweza kukosea asili ya neno na bado hadithi wanayoisimulia ikawa na maana kwao. Vilevile nywele zilizokatwa ni ishara ya mpito ambayo hakuna anayeweza kuikana. Shida yangu iko kwenye tendo. Jando tunalolijua Afrika Mashariki lina kumbi nje ya makazi, ngariba, manyakanga, nyimbo na mafumbo ambayo aliyetoka kumbini hamwambii asiyeingia. Mwili wa kijana unapokea alama, na akili yake inapokea elimu. Koureotis haina hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna kutengwa, wala siri, wala mwalimu, wala jeraha. Wazee wanakaa, wanakula, wanamsikiliza baba, wanapiga kura. Hadithi ya Melanthos inaweza kuwa imebeba kumbukumbu ya jambo la kale zaidi. Lakini karne ya tano na ya nne KK, wakati sherehe yenyewe inaonekana vizuri, kilichokuwa kikifanyika kilifanana na baraza la ukoo kuliko kumbi.

Na Sparta? Viboko kwenye madhabahu ya mungu wa kike Artemis Orthia vilikuwepo, lakini mandhari maarufu ya vijana kuchapwa hadi kufa ni ya zama za Warumi, kitendo kilichokuwa kimegeuka tamasha kiasi kwamba karne ya tatu baada ya Kristo watazamaji walijengewa ukumbi wa viti kuzunguka mahali hapo. Anayewahimiza vijana leo waige picha hiyo anawahimiza waige maonyesho ya watalii. Hata Sparta ya zamani haikumhesabu mtu kuwa kamili kwa kuvumilia tu. Ilimbidi akubaliwe kwenye meza ya chakula ya pamoja, na mwandishi wa kale Plutarch anaeleza namna: kila mwanameza alitupa tonge la mkate kwenye bakuli lililobebwa kichwani na mtumishi, na tonge moja tu likikutwa limefinywa, mwombaji amekataliwa. Baada ya miaka yote ile ya baridi na njaa, mwisho wake uliamuliwa na mkate mkononi mwa watu watakaokula naye.

Hapa lazima nizungumze juu ya wasichana, kwa sababu kwao nadharia ya jando, au tuseme unyago, ina nguvu zaidi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mwanzoni. Huko Brauron, mashariki ya Attica, yaani nchi inayouzunguka mji wa Athens, kwenye patakatifu pa Artemis palipofukuliwa na John Papadimitriou kuanzia 1948, wasichana wadogo "walicheza dubu." Hadithi ilisema dubu aliyefugwa alimkwaruza msichana, kaka zake wakamwua, Artemis akaleta tauni, na fidia ikawa wasichana wamtumikie mungu huyo kama dubu kabla ya kuolewa. Vyungu vidogo vilivyopatikana hapo vinaonyesha wasichana wakikimbia, wengine wamevaa kanzu fupi, wengine uchi. Kwenye tamthilia ya Aristophanes ya mwaka 411 KK, kwaya ya wanawake inajitambulisha kwa fahari: nikiwa na miaka saba nilibeba vitu vitakatifu, nikiwa na kumi nilisaga nafaka za mungu, kisha nikavaa vazi la zafarani nikawa dubu Brauron. Hapa kuna kutengwa, vazi maalumu, mnyama, mbio, mungu wa kike anayedai. Kwa nini wasichana wapewe ibada nzito namna hiyo na wavulana wapewe kura na nyama? Jibu langu ni kwamba mvulana alikuwa na daftari la kuandikiwa. Ziko fratria zilizowatambua mabinti, lakini kwenye kitongoji, palipokuwa na uraia wa kisiasa, jina la msichana halikuingia. Palipokosekana ushuhuda wa watu, mungu alibeba mzigo wote. Wanawake wa Aristophanes hawakusema "baba aliniapia." Walitaja walichokifanya wenyewe, kwa sababu hicho ndicho walichoachiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya mahafali, na sioni sababu ya kuionea huruma. Inaegemea mafunzo ya vijana wa miaka 18 hadi 20, waliokuwa wakiitwa ephebos, na ni kweli mafunzo yalikuwepo. Wanafunzi wa Aristotle wametuachia maelezo: makocha wawili wa mwili, walimu wa kupigana kwa silaha, upinde, mkuki na manati, oboli nne kwa siku kwa kila kijana, ulinzi wa bandari ya Piraeus, na mwisho wa mwaka wa kwanza kila mmoja anapewa ngao na mkuki mbele ya umma. Lakini maelezo hayo yanaanzia wapi? Yanaanzia kitongojini, wanakijiji wakila kiapo na kupiga kura: je, umri umetimia, na je, amezaliwa huru na kwa mujibu wa sheria? Aliyekataliwa kwa madai kwamba si huru aliweza kwenda mahakamani, na akishindwa aliuzwa utumwani. Aliyepita alihakikiwa tena na Baraza la mji, na Baraza likigundua mtoto hajafikisha miaka 18 liliwatoza faini wanakijiji waliompitisha. Hakuna mtihani wa kutoka. Mlango mgumu ni wa kuingia, na ulilindwa na majirani. Jiwe la Edinburgh limechongwa takriban miaka 400 baadaye, Athens ikiwa mji ulio chini ya Roma, mafunzo yakiwa yamepunguzwa, yakiwa ya hiari, na wageni wakiwa wamekwisha kuruhusiwa kuyapata. Kulichukua jiwe hilo kuwa picha ya utu uzima wa Kigiriki ni kama kuieleza ngoma kwa kutazama ngozi yake ikiwa imeanikwa. Hata hivyo lina jambo moja la zamani lililobaki ndani yake. Vijana 31 wameandika majina yao pamoja, yaani kila mmoja amejipatia mashahidi 30.

Kuna watakaosema nimeipamba mno Athens, kwamba nimegeuza ushuhuda kuwa utu. Hoja hii ndiyo inayonisumbua. Mkono uliowatia watu ndani ndio uliowatupa nje. Mwaka 451/0 KK Pericles, kiongozi wa Athens, alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni wa Athens. Tauni ilipoingia mwaka 430, iliwaua wanawe wawili wa ndoa. Akabakiwa na mtoto aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa mji wa Miletus, ambaye kwa sheria ya baba yake mwenyewe hakuwa raia. Mzee aliyekuwa ameuongoza mji miaka mingi ikambidi aombe, na watu wakamhurumia wakamruhusu amwandikishe mtoto kwenye fratria na kumpa jina lake. Pericles huyo mdogo akakua, akawa jemadari, na mwaka 406 KK alikuwa miongoni mwa walioshinda vita vya baharini vya Arginusae, ambapo dhoruba ilizuia kuokolewa kwa mabaharia waliozama. Majemadari wakashtakiwa kwa kutowaokoa, na kesi yao ilikatizwa na sherehe, na sherehe hiyo ilikuwa Apatouria. Ndugu walikutana, mezani pakaonekana nafasi zilizobaki wazi, na mwanahistoria Xenophon anasema wapinzani waliwapanga watu wenye nguo nyeusi, vichwa vimenyolewa, waende kwenye mkutano wa raia kama jamaa wa waliozama. Majemadari sita wakauawa, Pericles mdogo akiwemo. Sherehe ya undugu iliyompokea kwa huruma ndiyo iliyopasha joto hasira iliyommaliza.

Nakubali, basi, kwamba ushuhuda wa watu si malaika. Ninachokataa ni kuuona kama kitu kidogo. Nilipokwenda kuomba kitambulisho changu cha kwanza, mzee mmoja wa mtaa aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia. Akauliza babu amezikwa wapi, nikamtajia. Ndipo akachukua kalamu. Kwa dakika chache zile nilihisi fahari na woga kwa pamoja. Fahari ya kujulikana. Woga wa kufikiri: na kama nisingekuwa na jibu? Apatouria ilikuwa na vyote viwili kwa kila nyumba, kila mwaka. Wanaotaka leo kuwarudishia vijana sherehe ya kuingia ukubwani, na wapo wengi wenye nia njema, huanza kwa kupanga kambi, mazoezi, mafundisho na vyeti. Athens ingewauliza kwanza kuhusu wao wenyewe: mtasimama mbele ya nani, mtasema nini juu ya kijana huyu, na mkisema uongo mtalipa nini? Sherehe ambayo haimdai mtu mzima chochote imekwisha kumwacha kijana peke yake, hata iwe na ngoma ngapi.

Na wasio na wa kuwaapia? Athens iliwajibu vibaya, na hilo linaonekana kwa Euxitheos wa kitongoji cha Halimous. Mwaka 346/5 KK vitongoji vyote viliamriwa kuhakiki orodha zao. Mkutano wa Halimous ulifanyika mjini, mwendo wa stadia 35, kama kilomita sita na nusu, kutoka kwao. Adui yake, Eubulides, alichelewesha jina lake hadi jioni. Wazee walikuwa wamekwisha kuondoka, waliobaki hawakufika 30, lakini zilipohesabiwa kura zilizidi 60. Walimkana kwa sababu mama yake aliuza tepe sokoni na aliwahi kunyonyesha mtoto wa watu kwa ujira, na kwa sababu baba yake alizungumza kwa lafudhi ya kigeni. Euxitheos alikata rufaa akijua akishindwa atauzwa. Alieleza kwamba baba yake alitekwa vitani akauzwa kisiwa cha Leukas, akarudi na lafudhi ya huko baada ya miaka mingi, na kwamba umaskini haumwondolei mwanamke uraia. Kisha akaita watu wake mmoja baada ya mwingine: jamaa wa baba, jamaa wa mama, ndugu wa fratria waliompokea tangu utotoni na kumchagua kuwa kiongozi wao, na wale wanaozika pamoja nao kwenye makaburi ya ukoo. Hotuba yake imetufikia. Hukumu haikutufikia. Mwishoni aliwaambia majaji kwamba wakimkataa atajiua kabla ya kuwaacha jamaa hao, ili angalau wao wamzike kwao.